Kabla ya Dubai, wapeleke watoto Kilwa

Likizo ya Juni ilianza nyumbani kwetu kwa ubishi. Binti yetu wa darasa la sita alikuwa ameona picha za Dubai kwenye simu ya shangazi yake, akatangaza mezani kwamba huko ndiko watu wanakokwenda likizo. Mdogo wake wa darasa la pili akamuunga mkono bila kujua Dubai iko upande gani wa dunia. Baba yao akacheka, akauliza nauli italipwa na nani.

Mimi nikawaambia kuna mji hapa kwetu ambao zamani watu wa Arabuni na Uajemi ndio waliopanda majahazi kuufuata. "Mji gani huo, Mama?" Nikawajibu: Kilwa.

"Kilwa si kule wanakotoka pweza?" binti akauliza, uso umemshuka.

Mzazi mwenzangu, kama na wewe unao watoto wanaoamini kwamba mambo makubwa yote ya dunia yako ng'ambo, naomba nikusimulie safari hiyo. Haikuwa ya gharama kubwa, lakini ilinitoa jasho kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Tulipanda basi Mbagala alfajiri, tukapita Mkuranga na Kibiti, tukavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Kila basi liliposimama, korosho zilikuja dirishani. Pale Nangurukuru barabara ya Masoko inakata kushoto kuelekea baharini. Tulilala nyumba ya wageni, tukala wali wa nazi kwa samaki, na mdogo akalala hata kabla ya kumaliza sahani yake.

Asubuhi tulichukua kibali cha kutembelea magofu, kisha tukavuka kwa mashua. Kisiwa kiko karibu, unakiona ukiwa bado ufukweni Masoko. Cha kwanza kukupokea ni ngome kubwa iliyo kando ya maji, iitwayo Gereza. Mzee aliyetuongoza, ambaye watoto walimwita Babu tangu waliposema shikamoo, alieleza kwamba Wareno walijenga ngome hapo walipouvamia mji mwaka 1505, na baadaye Waarabu wa Omani wakaijenga upya. Akaongeza kwamba hata neno lenyewe "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

"Kwa hiyo wafungwa wanakaa kanisani?" mdogo akauliza. Babu alicheka hadi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwenda Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 11. Ile kubwa, yenye nguzo na kuba nyingi, iliongezwa karne ya 14. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Babu aliwaonyesha watoto jiwe lenye alama za matumbawe, akawaambia mafundi waliyakata baharini yakiwa bado laini, wakayachonga, nayo yakawa magumu yalipokaa juani. Mdogo alisimama chini ya kuba moja, akaita jina lake, na sauti ikamrudia. Akaita tena. Sikumzuia.

Utajiri wa kujenga vile ulitoka wapi? Kwenye dhahabu. Dhahabu ya bara, kutoka upande wa Zimbabwe ya leo, ilishuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Kwa kurudi zilikuja nguo, shanga na vyombo vya kaure kutoka China. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944, askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, hakuna aliyeweza kuthibitisha hadi leo. Nilipowaambia hilo, binti alitoa daftari lake, akaniuliza Australia inaandikwaje. Nilijua hapo kwamba Dubai imeanza kusahaulika.

Kisha Babu akatukalisha kivulini na kutupa hadithi ya ukarimu.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri maarufu kutoka Morocco, Ibn Battuta. Mji aliusifu kwa uzuri, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alimsifu kwa mkono mweupe. Ibn Battuta alisimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, sultani alipotoka msikitini alisimamishwa na fukara mmoja kutoka Yemen. Fukara akamwomba zile nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fukara akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita yule fukara aje kuchukua zake. Watu wakashangilia unyenyekevu huo.

Nikawaangalia wanangu kwa furaha. Hadithi kama hiyo ndiyo mzazi anayoitafuta: mkubwa anayemsikiliza mdogo, mwenye nacho anayempa asiye nacho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutoa funzo.

Lakini Babu hakuwa amemaliza. Mwana wa sultani, akaendelea, alizichukua zile nguo kwa fukara, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi, pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tukanyamaza. Binti yangu alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Mama, ina maana nguo zililipwa kwa watu?"

"Ndiyo."

"Hao watu walikuwa wameulizwa?"

Mzazi mwenzangu, nilitamani kubadili mada. Nilitaka kusema zamani mambo yalikuwa hivyo, twende tukaone bahari. Baba yao alikuwa anaangalia viatu vyake. Babu naye alitulia, kama mtu aliyewahi kuwaona wazazi wengi wakifika kwenye swali hilo hilo.

Nikamwambia hapana, hawakuulizwa. Nikamwambia walikuwa watu kama sisi, wenye mama zao, na kwamba Ibn Battuta aliandikiwa jina la sultani lakini hatukuachiwa jina hata moja la wale ishirini. Nikamwambia sultani huyo huyo aliyejenga uzuri tulioukalia alidhani anafanya wema, na watu wa mji wakamshangilia. Akaniuliza kama sultani alikuwa mbaya. Nikamjibu kwamba tendo lilikuwa baya, hata kama lilifanywa na mtu aliyesifiwa kwa wema.

Babu ndipo akaongeza jambo moja, kwa sauti ya chini. Karne nyingi baadaye, mwaka 1776, sultani wa Kilwa aliweka mkataba na mfanyabiashara Mfaransa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Ilianza na kumi, alisema, na hakuna aliyeuliza.

Mchana tulikwenda Husuni Kubwa, kasri la sultani yule lililojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, na katikati kuna birika lenye pembe nane. Upepo ni mzuri, na bahari unaiona hadi macho yachoke. Siku nyingine ningetaja birika hilo peke yake kuwa sababu ya kusafiri. Binti alizunguka pembe zote nane akizihesabu, kisha akauliza nani alikuwa anabeba maji ya kulijaza. Nikajua swali la asubuhi bado analo.

Ndiyo maana nasema, mzazi, wapeleke watoto Kilwa. Dubai ina maajabu yake, na Mungu akikujalia nauli, nendeni. Lakini kwenye ghorofa refu mtoto anatazama juu na kushangaa, basi. Kilwa atakuuliza maswali ambayo utalazimika kuyajibu, na hadithi hiyo ni yake, ya pwani yake, uzuri wake na aibu yake pamoja. Tukimfundisha nusu moja tu, siku moja atakutana na ile nyingine bila sisi kuwa pembeni yake.

Na msichelewe. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikibomoka na bahari ikila ukingo. Kazi kubwa ya ukarabati ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Lakini mawimbi hayajaacha kupiga.

Mambo machache kabla hujaondoka

Epuka masika, kwani mvua kubwa zimewahi kuikata barabara ya kusini. Miezi ya kuanzia Juni ni mizuri.

Kibali kichukuliwe Masoko kabla ya kuvuka, na uende na mwongozaji. Bila yeye utaona mawe tu.

Beba maji ya kutosha, kofia na viatu vya kufunga. Kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa ni mwendo juani kwa miguu midogo.

Watoto wasipande kuta, na vigae vya kaure vilivyotapakaa chini vitazamwe na kuachwa pale pale. Mdogo wetu alikuwa ameshatia kimoja mfukoni. Alikirudisha mwenyewe baada ya dada yake kumwambia kwamba kina mwenyewe.

Siku moja inatosha kwa Kisiwani. Ukiwa na siku ya pili, panga Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini zaidi.

Na usiku wa kuamkia safari, kaa na mwenzako mkubaliane mtawajibu nini watoto watakapouliza kuhusu wale ishirini. Sisi hatukufanya hivyo, na kwenye basi la kurudi binti alituuliza tena tulipovuka Rufiji, kila mmoja kwa zamu yake, aone kama majibu yanafanana.