Daftari la Mapishi la Katandala: Neno 'Bado' Lililofukua Deni la Miaka 40

Yote yalianza na hamu ya togwa. Hakuna aliyetegemea kwamba jambo dogo kama hilo lingefika lilikofika.

Kitinda mimba wa familia moja ya Katandala, pale Sumbawanga mjini, anaishi Dar es Salaam na kazi yake ni ya ofisini. Mara ya mwisho alipopanda basi kwenda kumsalimia mama yake, zile kilomita zaidi ya 1,100 za kupitia Mbeya na Tunduma, alikuta daftari la mapishi la mama limeanza kuliwa na panya pembeni. Akaona hapana. Akakaa barazani na simu yake, akapiga picha ukurasa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Mama alikubali kwa sharti moja: "Piga mapicha yako, lakini daftari lenyewe haliondoki humu ndani."

Si daftari la hivi hivi. Mama huyo hakusoma shule utotoni. Kalamu aliishika ukubwani, enzi za kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wanaokumbuka miaka ile wanajua: jioni watu wazima na watoto wao mgongoni wanakwenda darasani, wengine wanakaa kwa makundi kuizunguka redio. Mwaka 1973 ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa mwaka huo wa 1975. Herufi kubwa kubwa, zimeinama kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani: UJI WA MTOTO. ULEZI. KARANGA. MAZIWA.

Kuanzia hapo akawa anaandika kila anachopika na kila anachofundishwa. Migebuka mikavu ya Tanganyika na karanga. Majani ya maboga. Maharage ya kulaza. Keki ya sufuria yenye mkaa juu na chini, ambayo alijifunza kwa masista na kuipika mara mbili tu maishani, maana unga wa ngano ulikuwa wa kuusikia kwa jirani. Na katikati ya daftari, ukurasa uliochakaa kuliko yote, una madoa ya kahawia na umekunjwa pembe: TOGWA.

Ukurasa huo ndio uliozua kizaazaa.

Kitinda mimba aliporudi Dar, Jumamosi moja akajisemea leo napika togwa ya mama. Akafuata ukurasa neno kwa neno, isipokuwa sehemu mbili. Ya kwanza, mama aliandika "sukari hakuna". Binti akaona ni ushamba wa zamani, akamimina sukari vikombe viwili. Ya pili, mama aliandika "acha siku mbili". Hapo akatii. Akaijaza kwenye chupa za plastiki za maji, akaziba vizuri, akaziacha jikoni. Jamani, usiku wa pili chupa moja ilipasuka kama baruti. Ukuta, dari, kabati, kila mahali togwa. Iliyobaki ilikuwa chachu ya kukunja uso, na ilinukia pombe kabisa.

Akampigia mama huku anacheka na kulia. Mama akauliza swali moja tu: "Huko kwenu kuna baridi?"

Na hapo ndipo penye siri. Sumbawanga ipo juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mtu hutoki nje asubuhi bila koti. Siku mbili za Katandala ni kama usiku mmoja wa Dar. Joto linaharakisha uchachu, na ukiongeza sukari ndiyo umeupa chakula. Halafu togwa haihitaji sukari. Utamu wake unatoka kwenye kimea: ulezi unalowekwa usiku kucha, unafunikwa na gunia bichi mpaka uote vimizizi, unaanikwa, unasagwa. Unapika uji wa kawaida wa unga wa mahindi, unaupoza mpaka kidole kivumilie, ndipo unatia kimea na kukoroga. Uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe mbele ya macho yako, na taratibu unakuwa mtamu. Ukikitia kimea ukiwa bado unatokota, umekiua. Hautalegea wala hautakolea.

"Sukari hakuna," mama akaeleza, "niliandika hivyo kwa sababu sukari ilikuwa hakuna kweli. Si kwenye togwa tu. Dukani hakuna, nyumbani hakuna, kwa jirani hakuna." Alikuwa anazungumzia miaka ya mwanzo ya 80, baada ya vita ya Kagera, wakati watu walipanga foleni ya sabuni na kurudi mikono mitupu.

Binti akaona hadithi tamu sana. Akachukua picha ya ule ukurasa wa togwa, akaiweka status, akaandika chini yake: "Daftari la mama yangu, 1983. Mnaopika kwa kutazama simu mtuache." Wakaitazama watu mia mbili na kitu. Wengi wakaweka mioyo. Mmoja, waliyesoma naye shule ya msingi Katandala, hakuweka moyo. Aliikuza ile picha akasoma pembeni.

Pembeni, kwa penseli, mama alikuwa ameandika jina. Ni lile la kumwita mwanamke kwa mtoto wake, Mama Fulani, na huyo Fulani alikuwa na jina la utani ambalo mji mzima halikuwahi kuwa na mtu wa pili. Chini ya jina: "mke wa fundi cherehani. Ulezi makopo 6. BADO." Neno la mwisho limepigiwa mstari mara mbili.

Picha ikasafiri kama picha zinavyosafiri. Jioni ya siku ya pili ikamfikia mwenyewe Fulani, mwanaume wa miaka hamsini na ushee, mwenye familia yake, anayeishi Chanji, hapo hapo Sumbawanga. Mtu anaangalia simu, anakutana na jina lake la utotoni kwenye mwandiko wa mtu mzima asiyemjua, na mama yake, aliyefariki miaka thelathini iliyopita, ametangazwa mdaiwa mbele ya watu.

Hakutukana. Pengine angetukana ingekuwa afadhali. Alitafuta namba ya binti, akatuma shilingi 30,000, na ujumbe: "Dada, hilo ni deni la marehemu mama yangu. Ulezi makopo sita. Kama haitoshi niambie. Ila naomba umtoe mama yangu hapo ulipomweka."

Binti akafuta status usiku ule ule, lakini kilichokwisha kuonekana kimeonekana. Aliandika samahani akafuta, akaandika tena akafuta. Kwenye grupu la familia nako moto ukawaka. Kaka mkubwa: nani alikuruhusu kutoa mambo ya mama nje? Dada wa pili: deni ni deni, kwani uongo? Kaka mwingine akauliza makopo sita ya mwaka 1983 ni sawa na shilingi ngapi leo, na huyo aliambiwa anyamaze. Siku mbili hakuna aliyethubutu kumwambia mama.

Mwishowe aliyemwambia ni dada mkubwa, ambaye anaishi jirani na mama na ndiye anayemsomea, kwa kuwa macho ya mama yana mtoto wa jicho. Alikwenda asubuhi, akatoa shikamoo, akafungua daftari kwenye ule ukurasa, akasoma mpaka yale maneno ya penseli. Jina. Mke wa fundi cherehani. Ulezi makopo sita. Bado.

Mama alikaa kimya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mmemdai?"

"Yeye ndiye ametuma hela, mama."

"Ametuma hela." Mama akashika kichwa. "Mwanangu, bado ni mimi."

Ikabidi dada aulize mara ya pili ndipo aelewe. Deni lilikuwa la mama. Kwenye lile daftari hakuwahi kuandika wanaomdai na anaowadai kwa mistari miwili tofauti, nani angemfundisha hayo? Aliandika tu kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, na kichwa chake kilijua.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1983. Wanaoijua Ufipa wanaujua mwezi wa pili: mvua inanyesha, shamba la kijani, ghala tupu. Mume alikuwa mgonjwa, watoto wanne ndani, na mtoto wa kwanza amerudishwa shule kwa kukosa michango. Mke wa fundi cherehani, jirani wa nyumba ya tatu, akaja jioni na ungo umefunikwa kanga. Ndani mlikuwa na ulezi makopo sita. Ulikuwa mabaki ya mbegu, ule ambao mtu anauweka pembeni hata njaa ikigonga mlango, kwa sababu usipokuwa na mbegu mwaka kesho huna shamba.

Na hakuishia hapo. Ukiupika ugali, alimwambia, mtakula siku nne basi. Fanya kimea, uza togwa stendi. Akakaa naye siku tatu akimfundisha, kimea kinaota hivi, uji unapozwa hivi. Yule mama mwenyewe hakujua kuandika. Alisema, na huyu akaandika.

Maana yake nini? Ule ukurasa ambao watoto saba walikua wakiamini ni mapishi ya mama yao, ni maneno ya mwanamke mwingine. Togwa ile ililipa michango. Ililisha nyumba mpaka mavuno. Iliendelea kuuzwa stendi miaka kumi na mbili, na mtoto wa kwanza, huyo huyo kaka mkubwa aliyekuwa mkali kwenye grupu, alikwenda sekondari kwa ndoo za togwa.

Mama alirudisha? Alitaka. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata alipima makopo sita, akaongeza la saba la asante, akajitwisha. Alipofika akakuta mlango umefungwa. Fundi cherehani alikuwa amehamisha familia kwenda Mpanda kutafuta kazi. Enzi hizo hakuna simu, na Mpanda ilikuwa safari ya kuuliza mara mbili kabla ya kuianza. Miaka ikapita, akasikia juu juu kwamba yule mama amefariki. Hakujua kama mtoto alisharudi, na kwamba yupo Chanji, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kwake.

"Kile kimstari cha pili chini ya neno," mama alisema, "nilikipiga siku niliyosikia msiba."

Asubuhi iliyofuata mama alitoa amri mbili. Ile shilingi 30,000 irudi yote, na makato ya kutuma walipe wenyewe. Ya pili, wamtafutie ulezi mpya, mzuri, usio na mchanga. Ulipoletwa alikataa kuupima kwa kilo. Akamtuma dada chumbani kuleta kopo, kopo la bati lisilo na nembo tena, limebonyea upande mmoja, ambalo wajukuu walikuwa wanachotea maji ya kuku. "Deni linalipwa kwa kipimo kilichokopea," alisema. Likaoshwa. Akapima mwenyewe kwa mikono, kila kopo amelijaza mpaka kilele, akahesabu kwa sauti hadi saba.

Walikwenda Chanji Jumapili baada ya misa, mama, dada mkubwa, na kitinda mimba aliyepanda basi toka Dar kwa ajili ya siku hiyo tu. Mwenye nyumba alitoka na uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Akamwona bibi kizee na fimbo, nyuma yake mabinti wawili na ndoo. Heshima ikamshika kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Kisha mama akamwita kwa lile jina la utani. Miaka mingi hakuna mtu aliyemwita hivyo kwa sauti ya kike ya rika lile.

Yaliyosemwa humo ndani ni ya kwao. Kinachojulikana ni kwamba waliingia saa tano na kutoka jua limeshaanza kuzama. Na kwamba yule baba alimwomba kitinda mimba amsomee ule ukurasa wa togwa taratibu, tangu mwanzo, na kila sentensi ilipokwisha alikuwa anatikisa kichwa, kwa sababu mama yake hakuacha barua wala picha, na hayo yalikuwa maneno yake kama alivyoyasema. Kidole kivumilie. Sukari hakuna.

Binti aliomba msamaha akiwa amepiga magoti. Akaambiwa ainuke, yameisha.

Jumatatu dada mkubwa alilipeleka daftari stesheneri mjini, mara yake ya kwanza kutoka ndani ya ile nyumba, akatoa kopi ya ukurasa mmoja tu na kulirudisha kwenye sanduku. Lakini kabla ya kwenda, mama aliomba kalamu. Kwa macho yale, ilimchukua muda. Juu ya neno TOGWA akaandika jina la jirani yake. Halafu akaomba aonyeshwe mahali ilipo ile "BADO", akawekewa kidole, akaikata kwa mstari mmoja.