Maarusi Wawili katika Njia ya Mtakatifu Yakobo

Huko Ulaya iko njia moja ya kale ambayo watu huitembea kwa miguu, mizigo mgongoni, ingawa treni, mabasi na ndege haviwakosi. Njia hiyo yaishia Santiago de Compostela, mji ulio katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, karibu na bahari kuu. Mapokeo ya Wakristu yasema kwamba humo limo kaburi la Mtakatifu Yakobo Mkubwa, ndugu wa Yoane, yule mvuvi aliyeacha nyavu zake, ambaye Herode alimwua kwa upanga kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume. Kaburi lilivumbuliwa katika karne ya 9, siku za Askofu Teodomiro, na tangu hapo mahujaji wameijua njia. Mwaka 2019 waliandikwa watu 347,578 katika ofisi ya mahujaji huko Santiago.

Mwaka huohuo mimi na mke wangu tulikuwa miongoni mwao. Tulifunga ndoa Bukavu katika juma lililofuata Pasaka, tukarudi Ubelgiji tulikokuwa tukisoma, na tarehe 12 Mei tukaanza safari. Kutembea kulituchukua siku 70, na siku 15 nyingine tulizitoa kuwatumikia mahujaji wenzetu katika nyumba moja ya parokia. Habari za siku hizo 15 ndizo ninazotaka kuwaeleza hasa. Ya njia nitasema kwa ufupi, maana mtu akianza kuhesabu madaraja na minara hatamaliza.

Nyumbani si wote waliofurahi. Baba mdogo wa mke wangu, aliyesimama mahali pa baba yake siku ya mahari, alimwambia: «Mwanangu, msichana wa kwetu akiolewa huonyeshwa nyumba yake, mafiga yake na chungu chake. Wewe waonyeshwa barabara?» Mke wangu akapiga magoti, akamjibu: «Baba, marehemu mzee naye alitembea.» Baba mdogo akanyamaza. Marehemu alikuwa katekista. Miaka mingi alipanda na kushuka vilima vilivyo juu ya ziwa Kivu, mfuko wa kitambaa begani, na ndani yake katekisimu, kitabu cha nyimbo na viazi vitamu viwili. Alifariki mwaka 2017, wala hakuiona siku ya ndoa ya binti yake.

Tulianzia Le Puy-en-Velay, katika milima ya Ufaransa. Askofu wa mji huo, jina lake Godescalc, alitoka hapo mwaka 950 akaenda Santiago, na wengi humfuata hata leo. Saa moja ya asubuhi mahujaji husikiliza Misa katika kanisa kuu, padri huwabariki, nao hushuka ngazi ndefu wakati mji ungali unaamka. Kutoka hapo hata Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees, ni kama kilometa 750. Kutoka Saint-Jean hata Santiago zabaki kama 780. Wazoefu hushauri kwamba mfuko wa mgongoni usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Basi sufuria, mablanketi na saa ya ukutani tuliyopewa harusini vilibaki Bukavu, nasi tukawa na mashati mawili kila mmoja, jozi tatu za soksi, koti la mvua, na kipande kimoja cha sabuni cha kufulia na kuogea. Katika mfuko wa mke wangu mlikuwamo pia jiwe dogo jeusi, aliloliokota ufukoni kwa ziwa siku tatu baada ya harusi. Nitalirudia baadaye.

Msafiri hapotei kwa urahisi upande wa Hispania, kwa sababu mishale ya rangi ya manjano humwongoza penye mawe, miti na kuta. Kazi hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1980 na padri wa kijiji, Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, mahali pa mlimani penye baridi na ukungu. Alizunguka yeye mwenyewe na rangi yake, wakati ambapo mahujaji walikuwa wachache sana. Alifariki mwaka 1989. Vijana wetu wanaodhani kwamba paroko wa kijijini hawezi kufanya jambo litakalofika mbali wamkumbuke huyo na kopo lake la rangi.

Wanafunzi watapenda kusikia pia habari za mji wa Santo Domingo de la Calzada. Dominiko huyo, aliyefariki mwaka 1109, aliwajengea mahujaji daraja, barabara na nyumba ya kulala. Katika kanisa kuu la mji huo huwekwa jogoo na kuku weupe, wazima, ndani ya kizimba kizuri ukutani, kwa ukumbusho wa hadithi ya kijana mhujaji aliyenyongwa bila kosa, kisha akakutwa hai. Jogoo akiwika kati ya Misa, hakuna anayegeuka.

Mwendo wa saa mbili mbele ya hapo, katika kijiji cha Grañón, tulilala ndani ya mnara wa kanisa, juu ya magodoro membamba yaliyotandikwa sakafuni. Mlangoni palikuwa na sanduku wazi la fedha. Mwenye nacho huacha, mwenye kukosa huchukua. Wala hapana mtu anayelilinda. Hapo mke wangu aliniambia: «Kesho kutwa tukifika kwetu, tuwe na sanduku la namna hii.» Alisema «kwetu», na maana yake ilikuwa nyumba ambayo bado hatujaiona.

Nyumba za namna hiyo hutunzwa na watu wa kujitolea, ambao Wahispania huwaita hospitaleros, yaani wapokeaji wa wageni. Hawalipwi kitu, na kwa kawaida zamu yao ni siku 15. Sharti mtu awe amekwisha kuitembea njia yeye mwenyewe, tena ahudhurie mafunzo mafupi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetembea sehemu yake wakati wa uchumba, kila mmoja na kundi lake, na mafunzo tuliyapata kabla ya harusi. Kwa hiyo tarehe 1 Julai, tulipofika kijiji kimoja cha Castilla kilichozungukwa na ngano pande zote, tulitua mifuko yetu na kukabidhiwa ufunguo.

Huo ulikuwa ufunguo wa kwanza tuliopewa sisi wawili pamoja. Nyumba ilikuwa na vitanda 24, jiko moja, vyoo vitatu, na chumba chetu, ambacho upana wake haukuzidi kitanda na mtu wa kupita. Tuliamka saa kumi na moja ili tuwachemshie kahawa wale wanaokwepa jua. Saa mbili wote wameondoka. Ndipo tulipofagia, kupiga deki, kusafisha vyoo, kufungua madirisha. Kisha mmoja alikwenda kununua mkate, dengu na vitunguu. Saa saba mchana tulifungua mlango, na hapo kazi ilianza upya: kupokea mifuko, kutoa maji ya kunywa, kuweka beseni la maji yenye chumvi kwa ajili ya miguu, kupiga mhuri katika kitabu cha kila mhujaji. Jioni watu walikula meza moja, waliosali walisali kanisani na padri, na saa nne taa zilizimwa.

Chakula kilinunuliwa kwa fedha za sandukuni. Yaani waliolala leo walilisha watakaolala kesho, bila kuwaona. Asubuhi moja tulikuta euro 212. Asubuhi nyingine euro 31, pamoja na sindano na uzi. Siku ya euro 31 walikuja watu 22 wenye njaa, na mke wangu akapika supu ya mkate na vitunguu saumu, aliyofundishwa na mama mmoja jirani wa kanisa. Walirudia sahani.

Katika mafundisho ya ndoa twaambiwa kwamba mume na mke wavumiliane, na ni kweli, lakini uvumilivu haufundishiki ubaoni. Mtu aliyepiga deki pamoja na mwenzake siku 15, huku wote wawili wana usingizi, anajua kama mwenzake hutupa maneno au ndoo. Mimi nilimjua mke wangu kwa kuona jinsi anavyopokea mgeni wa mwisho.

Siku ya tisa vitanda vilijaa kabla ya saa kumi za alasiri, na magodoro sita ya akiba yakatandikwa ukumbini. Padri alikuwa ametuonya tusizidishe idadi ya watu wanaolala ndani, kwa ajili ya hatari ya moto. Saa tatu ya usiku mlango ukabishwa. Alisimama mzee Mfaransa, miaka yake yapata 70 na zaidi, viatu mkononi, damu imeloa soksi. Kijiji kilichofuata kilikuwa kilometa 10 mbele. Nilimweleza mke wangu hesabu ilivyo: watu 30 na sisi wawili, nafasi imekwisha, na kesho wakija watatu wa namna hiyo tutasema nini? Hakubishana nami juu ya hesabu. Aliuliza tu: «Baba, na sisi si tumo katika hesabu?»

Tukampa mzee chumba chetu. Mke wangu alimwosha miguu kwa maji ya chumvi, akamfunga vitambaa, nami nikampasha moto dengu zilizobaki. Kisha tukatoka na mifuko yetu ya kulalia, tukalala barazani kwa kanisa. Usiku wa Castilla una baridi hata mwezi wa Julai. Juu yetu lilionekana lile wingu refu la nyota, ambalo Wahispania huliita nalo Njia ya Santiago. Asubuhi tulimkuta mzee jikoni, amekwisha kuosha vikombe vya watu 31. Hakutueleza habari zake, wala hatukumwuliza. Katika mafunzo tuliambiwa kwamba mhujaji huulizwa kwanza kama ana kiu.

Sisi Waafrika hujisifu kwa ukarimu, na twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tuseme kweli. Mgeni tunayemchinjia kuku ni shemeji, ni mtu wa ukoo, ni rafiki wa kaka, au ni mkubwa atakayetufaa kesho. Mtu asiyejulikana, anayebisha saa tatu ya usiku, katika miji yetu hukuta ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Naelewa sababu: watu wetu wameona vita na wizi, na hofu yao si ya bure. Walakini vijana wengi wanaofunga ndoa hujenga ukuta huo hata ndani ya moyo, kabla ya kununua tofali la kwanza. Tarehe 15 Julai tulipowakabidhi ufunguo mzee Mwitalia na mke wake, mke wangu aliwaonyesha kwanza mahali pa beseni la miguu, kisha ndipo akawaonyesha sanduku la fedha.

Tukawa mahujaji tena. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 25 Julai, tulifika Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma juu ya mti mrefu, mahali palipo na kimo cha meta 1,500 hivi. Chini yake pana kichuguu cha mawe yaliyoletwa na watu kutoka makwao. Mke wangu alilitoa jiwe la Kivu, akalishika muda, akaliweka. Alisali kumi moja la Rozari kwa Kimashi, kama baba yake alivyozoea kuwasalisha watoto jioni.

Santiago tuliingia mwanzo wa Agosti, mvua ikinyesha. Kanisa kuu lilikuwa likitengenezwa mwaka ule, kwa hiyo Misa ya mahujaji ilisomwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, na kile chetezo kikubwa mashuhuri hatukukiona kikibembea. Kaburi la Mtume lilikuwa wazi, nasi tulipiga magoti hapo. Kisha tukapanga mstari katika ofisi ya mahujaji. Mwaka ule aliyetembea angalau kilometa 100 za mwisho alipewa hati ya Kilatini iitwayo Compostela, yenye jina lake. Hati hiyo yaweza pia kutolewa kwa niaba ya mtu mwingine, kama mgonjwa au marehemu, na hapo huongezwa maneno vicarie pro pamoja na jina la mtu huyo.

Kijana aliyekaa mezani alizitazama karatasi zetu zilizojaa mihuri, akamwuliza mke wangu kama ataka hati kwa jina lake peke yake. Mke wangu akamwambia hapana. Akalitamka jina la baba yake polepole, herufi kwa herufi, na kijana akaliandika.