Mpasho wa Pauni Tano

Noti ndogo kuliko zote inayotolewa na Benki Kuu ya Uingereza ni ya pauni tano. Chini ya hapo ni sarafu tupu, na sarafu haimtunzi mwimbaji wa taarabu. Huwezi kuinuka kitini umependeza, ukacheza taratibu mpaka mbele ya jukwaa, mkono juu, halafu ukamwekea mwimbaji kiganjani kipande cha chuma. Kwetu Unguja mtu mwenye noti kumi za elfu moja anaweza kuinuka mara kumi, kila ubeti na noti yake. Hapa shilingi hizo elfu kumi hazitoshi hata kuinuka mara moja. Ndugu zetu wa Marekani wana noti ya dola moja, na wa Maskati wana noti ya baisa mia. Shida hii hawaijui. Sisi wa Uingereza tunakaa na noti mkononi, tunasikiliza kwa makini, tunachagua. Ubeti tulioinukia umetugharimu.

Kwa aliyekulia mbali na pwani, kutunza huonekana ni bakshishi tu. Kumbe anayeinuka kutunza anauazima ubeti ule kwa mwimbaji na kuutia neno lake. Mwimbaji anaimba habari ya mtu anayechungulia sufuria za wenzake. Hamjui yeyote ukumbini, na mtunzi pengine alikuwa na lake. Lakini bibi wa meza ya tatu akiinuka hapo hapo, akapita polepole mbele ya meza ya pili, akageuza shingo kidogo kabla ya kutoa noti, ukumbi mzima umeshajua nani kaambiwa. Na hakuna wa kumshika: yeye kamtunza mwimbaji, maneno si yake.

Ndiyo maana taarabu yetu inataka mtaa. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba visa na kesi za Unguja ambazo wasikilizaji wake walizijua kwa majina ya wahusika. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji yaliyotokea kweli. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 Unguja ilikuwa na vikundi vya taarabu vya wanawake vilivyojipa majina ya kijeshi ya Kiingereza, Royal Air Force na Royal Navy, na vita vyao vilipiganwa kwa beti na kwa nguo. Miaka ya 1990 vita vikanoga Dar es Salaam: Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre upande huu, Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano upande ule, na mashabiki wamegawana kama wa Simba na Yanga. Kila mmoja wetu ana mwimbaji wake kutoka enzi hizo. Mimi pia ninaye, na nikisikia anakuja huku siulizi bei ya tiketi.

Huku ughaibuni taarabu hutufikia kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa kumbi kubwa za sanaa. Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, imepiga sana Ulaya. Mwimbaji Bi Kidude alikabidhiwa tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005 hapa hapa Uingereza, huko kaskazini, kwenye miji ya Newcastle na Gateshead. Katika kumbi hizo muziki unasikika kuliko popote: kila uzi wa kanuni unausikia, fidla haizidiwi na akordioni, na mwimbaji hapigi kelele. Watazamaji wamekaa kimya, wana karatasi yenye maelezo ya nyimbo, na makofi wanayaweka mpaka wimbo uishe. Hakuna anayeinuka. Ukiinuka, kijana wa mlangoni anakuja kukuuliza kwa upole kama unatafuta choo. Nimeburudika sana katika kumbi hizo, na mara zote nimetoka na noti yangu kwenye pochi.

Mlango wa pili ni ukumbi wa kukodi, wa kanisa au wa mtaa, kama wa mji ninaokaa mimi katikati ya Uingereza. Bango linakuja kwa WhatsApp: milango wazi saa mbili usiku. Mwimbaji anapanda jukwaani saa sita imekaribia. Viza za wapigaji ni gharama na ni taabu, kwa hiyo mara nyingi anakuja na mpiga kinanda mmoja, au anakuja peke yake na muziki wake kwenye flashi. Udi hauchomwi, king'ora cha moshi hakijui tofauti ya udi na nyumba inayoungua. Asumini hakuna. Na ukutani kuna kidude chenye taa kinachopima sauti: ikiwa kijani endeleeni, ikiwa nyekundu punguzeni, na nyekundu ikidumu kidogo tu kinakata umeme wa jukwaani. Waliokitengeneza walifikiria spika, vigelegele hawakuvifikiria. Mwaka jana kilituzimia katikati ya ubeti. Mwimbaji akaendelea bila maikrofoni, akina mama wakimwitikia, mpaka mshika funguo wa ukumbi alipokuja na koti lake kuwasha upya.

Usiku huo huo ndipo nilipopashwa, yaani nilipotupiwa ubeti kwa noti. Mimi ni kijumbe wa upatu wa akina mama wa mjini kwetu, na wiki ile nilikuwa nimekumbusha kwenye kundi, bila kutaja mtu, kwamba mchango ni tarehe moja na si tarehe kumi. Wimbo ukafika pale anaposemwa mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala akauona mpunga ni wake. Mama mmoja akainuka upande wa pili wa ukumbi, ana noti mbili za tano. Hakwenda jukwaani moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya viti, akafika mezani kwetu, akasimama, akazungusha kiuno mara moja, akanipa tabasamu la heshima zote, ndipo akaenda kutunza. Wenzangu wa mezani wote wakaona haja ya kutazama sahani za sambusa.

Kwa desturi una njia mbili: ukae uso mkavu, au uinuke ubeti unaofuata umjibu. Nilikuwa na noti moja ya ishirini. Nikaenda kwenye meza ya chakula nikaomba chenji, na muuzaji, ambaye keshaelewa kila kitu, akanichagulia nne zilizonyooka vizuri.

Hasira zilinipanda, sikatai. Lakini nilipokuwa natembea kuelekea jukwaani niliona jambo ambalo hati ya ukaazi haijawahi kunieleza: katika mji huu nina watu. Mtu hapashwi na asiyemjua. Ili mama yule anirushie ubeti ule, alihitaji kujua kazi yangu kwenye upatu, kusoma ujumbe wangu akauona umemgusa, kujua meza ninayokaa, na kuwa na hakika kwamba fumbo nitalifumbua papo hapo. Hayo yote anayajua jirani tu.

Linganisha na Unguja. Nikienda likizo nikaalikwa taarabu ya harusi, nakalishwa viti vya mbele. Kundi limekamilika, vikuba vya asumini vipo, udi umetanda, na mwimbaji sauti yake imetulia kwa sababu yuko kwao. Noti ninazo tele, za elfu mbili na za elfu tano, na sina wa kumtunzia. Mwanamke anainuka, ukumbi unalipuka kwa kicheko, mimi natabasamu tu mpaka dada yangu aninong'oneze nani kagombana na nani, kwa kiwanja gani, kwa sababu ya mkwe yupi. Akimaliza kunieleza, ubeti umeshapita. Wanaonijia mimi wanakuja kwa sifa: wananitunzia wimbo wa kumkaribisha msafiri, wananikumbatia, na kesho yake asubuhi kuna ombi dogo. Simlaumu mtu. Mgeni hukirimiwa. Ila mtaa ule nimezaliwa, na sasa ninakirimiwa humo humo.

Wapo wanaojaribu kuziunganisha kumbi hizi mbili, wa huku na wa Unguja, kwa simu. Mama anatunza huku, shoga yake anamrekodi, na video inafika Unguja kabla wimbo haujaisha. Ina raha yake, na majibu huja kwa kasi. Lakini mpasho wa video una udhaifu mmoja: aliyelengwa anaweza kuzima simu akasema hakuiona. Ukumbini hana pa kukimbilia. Atakaa pale, uso wake utaonekana, na watu watampima.

Sasa kamati ya jumuiya yetu imeleta pendekezo. Mwimbaji wa mwaka huu aombwe aache mipasho, aimbe za mapenzi na za kuisifu nchi, ili tudumishe umoja. Nia yao naielewa. Huku tuko wachache. Tunazikana, tunasindikizana kwa mawakili wa uhamiaji, na ugomvi ukikomaa unaweza kuvuruga hata mchango wa kusafirisha maiti. Baada ya usiku ule wapo waliojitoa kwenye upatu, nami nikalazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuwarudisha.

Hata hivyo, tazama mpasho ule ulifanya kazi gani. Lile suala la tarehe lilikuwa likisemwa kitambo kwenye makundi madogo madogo ya WhatsApp ambayo mimi simo. Ukumbini likasemwa mbele yangu, kwa adabu ya fumbo, likajibiwa, watu wakacheka, likaisha. Wiki iliyofuata tulikaa tukasogeza mchango hadi tarehe tano, maana wengi mshahara wao huingia mwisho wa mwezi na kodi ya nyumba huwahi kuuchukua. Hakuna kikao cha kamati kilichowahi kutufikisha hapo.

Na mwimbaji mwenyewe, tutakuwa tumemleta kufanya nini? Za mapenzi tunazo kwenye simu, tunazisikiliza tukienda kazini. Tunachomlipia nauli ya ndege ni kile kisichoingia kwenye flashi: asimame pale, amwone mtu anainuka kule nyuma, aione noti inakuja, na kwa makusudi kabisa aurudie ubeti ule ule mpaka mwenye noti afike. Anajua kuna jambo. Halijui ni lipi wala hana haja ya kulijua, ila anampa mtu nafasi ya kulimaliza. Ukimwondolea hilo umebaki na mgeni mwenye sauti nzuri na sisi tumekaa kimya tukingoja kupiga makofi, na kumbi za namna hiyo Uingereza inazo za kutosha, tena zenye spika bora.

Kura ni Jumapili. Nitapiga hapana. Nimesikia kwamba mama wa noti mbili naye anapiga hapana, na ameshaanza kuwapigia simu wenzake wa upande ule wa ukumbi. Katika hili tuko pamoja, angalau mpaka mwimbaji apande jukwaani.