Nauliza Kwanza Habari ya Ndoo

Ngozi niliisomea Moshi, katika kituo cha mafunzo kilichofunguliwa kwenye hospitali ya KCMC mwaka 1992. Vitabu vyetu vilijaa picha za Wazungu, na humo kila upele ulikuwa mwekundu. Kliniki, kwa watu wetu, wekundu huo sikuuona: kulikuwa na zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kuliko ngozi ya pembeni. Ikabidi nijifunze kutazama upya, mgonjwa akiwa karibu na dirisha, nikipapasa kwa kidole palipovimba.

Maradhi mengine ya ndani hujitangaza waziwazi. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu, huku akila ugali mtupu, aweza kutokwa na mkufu mweusi shingoni, ule alioueleza daktari Gaspar Casal huko Asturias, Hispania, mwaka 1735. Hiyo ni pelagra, upungufu wa niasini, na hutibika kwa vidonge vya bei nafuu.

Dematomayositisi ni nadra, na yataka subira. Mama huja na mfuko wa dawa za fangasi alizokwisha kupaka. Kope zimevimba na kuwa zambarau, vipele bapa vimejipanga juu ya vifundo vya vidole. Tukishaamkiana, siulizi kuwashwa. Nauliza, "Mama, ndoo ya maji unajitwika mwenyewe? Nywele je, unaweza kujisuka?" Wengi hushangaa. Kumbe ni miezi sasa binti ndiye anayemtwika, na akikaa kwenye kigoda hainuki bila kushikwa mkono. Alidhani ni uzee. Kumbe kinga ya mwili wake inashambulia misuli ya mabega na mapaja pamoja na ngozi.

Kwa watu wazima wenye ugonjwa huu, dawa ya prednisoloni pekee haitoshi. Baadhi yao wana saratani iliyojificha, ya ovari, mapafu, matiti au tumbo, na mara nyingi hubainika karibu na wakati ule ule wa upele. Ndiyo maana aliyekuja kwa ajili ya kope namwandikia ultrasaundi ya tumbo, hata ndugu zake wakinung'unikia gharama. Nitaendelea kuwaandikia.

Mama mmoja muuza ndizi alikutwa na uvimbe kwenye ovari. Ulipoondolewa na matibabu kuendelea, vidole vilisafika, akaanza tena kujifunga kilemba mwenyewe. Nilimweleza yeye na bintiye kwamba upele ukirudi, huenda saratani nayo inarudi, hivyo wasingoje tarehe ya kliniki: waje siku hiyo hiyo.