Walikuwa Wanakimbia Nini?

Mama alishika simu yangu, akaiweka mbali kidogo na macho kama anavyofanya siku hizi, akaangalia picha. Ilikuwa picha ya Khao San, mtaa wa Bangkok ambako wageni wenye mabegi ya mgongoni hutafuta vyumba vya bei ndogo. Vijana wa kila rangi, kila mmoja na begi lililopita kichwa chake. Mama akaniuliza, "Hawa walikuwa wanakimbia nini?"

Nikacheka. "Mama, hawakimbii kitu. Wanatembea tu."

"Na mizigo yote hiyo?"

"Ndiyo mama, ndo starehe yao."

Akanirudishia simu bila kusema neno. Hapo nikaacha kucheka, maana swali lake nilikuwa nalijua. Nilizunguka nalo Bangkok siku tatu nzima.

Ndugu msomaji, wacha nieleze ilivyokuwa. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale. Nilialikwa Bangkok kwenye mkutano wa vijana wa nchi mbalimbali. Mkutano ulipoisha, ndege yangu ya kurudi ilikuwa bado siku tatu. Tukaungana watu wanne: dada mmoja wa Manila, kaka mmoja wa Nepal, kijana mmoja Mkaren aliyetoka Australia, na mimi. Tukakubaliana tuwe kama wale wageni wa Khao San. Hakuna hoteli ya mkutano, hakuna teksi. Begi mgongoni, miguu chini, tuone mji.

Begi langu nilikuwa nimeazima kwa mfanyakazi mmoja wa shirika hapa kwetu. Begi zuri, lenye mkanda wa kufunga kiunoni. Siku ya kuondoka mama hakunisindikiza mpaka barabarani. Alisema ana nguo za kufua. Sikuelewa wakati ule.

Bangkok ni mji unaokuchosha masikio kwanza, halafu macho, halafu miguu. Pikipiki za abiria zipo kama boda zetu za Mbarara, ila madereva wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa. Juu ya barabara inapita treni, na chini magari yamekwama. Sisi tulipenda mashua za mfereji wa Saen Saep, kwa sababu ni za bei rahisi na hazijui foleni. Mashua ikipishana na nyingine, maji machafu yanaruka. Basi abiria wa pembeni wanavuta kamba, turubai linapanda, wote tunafichwa. Anayekusanya nauli anatembea ukingoni kwa nje, amevaa helmeti, anashika kamba kwa mkono mmoja. Yule kaka wa Nepal alisema huyo ndiye mtu jasiri kuliko wote tuliowaona kwenye mkutano.

Tuliingia Wat Pho, kwenye sanamu ya Buddha aliyelala, mita 46 kwa urefu. Nyuma yake kuna bakuli 108 za shaba, watu wanatumbukiza sarafu moja moja, zinalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Usiku tulikula Yaowarat, mtaa wa Wachina, tumesimama barabarani na sahani mkononi. Niliona tunda nikadhani ni fenesi, nikalisogelea kwa furaha. Kumbe ni duriani. Harufu yake siwezi kuiandika kwenye gazeti la heshima.

Kwenye treni ya juu niliona abiria wengi wamegeuza mabegi, wameyavaa kifuani ili yasigonge wengine. Nikafanya vilevile. Nilipoangalia chini, nikaona begi limekaa kifuani mwangu kama mtoto, nikakumbuka mwaka 2008. Nilikuwa na miaka minane tulipotoka Rutshuru. Mama alimfunga mdogo wangu kifuani, na mgongoni alibeba furushi: blanketi moja, sufuria mbili, na karatasi zetu za shule. Tulitembea mpaka Bunagana, tukaingia Uganda. Mama alikuwa mgonjwa wa mgongo kwa miezi. Na mimi hapa, ndani ya treni yenye baridi ya mashine, nimelipa pesa ili nibebe mzigo.

Siku hiyohiyo saa 12 jioni tulikuwa kwenye stesheni. Ghafla spika zikapiga wimbo wa taifa lao, na watu wote wakasimama. Aliyekuwa anakimbilia treni, akasimama. Moyo wangu ulishtuka, kwa sababu kwetu umati ukisimama ghafla hivyo, kinachofuata ni kukimbia. Wimbo ukaisha, kila mtu akaendelea na safari yake. Yule kijana Mkaren aliniona uso. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi."

Hapo ndipo alinieleza. Kwenye mkutano tulimjua kama mtu wa Australia. Kumbe alizaliwa Thailand, kwenye moja ya zile kambi tisa za mpakani na Myanmar. Kambi za kwanza zilianza mwaka 1984, na mpaka leo kuna watu wamezeeka ndani. Alikua humo mpaka familia yake ilipopelekwa Australia. "Nimezaliwa nchi hii," aliniambia, "lakini Bangkok naiona kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kutoka. Sasa nimekuja na pasipoti ya mbali, wananiambia karibu."

Nilifikiria sana maneno hayo. Asubuhi yake tu, kwenye nyumba ya wageni, wenzangu watatu walitoa pasipoti wakapewa funguo. Mimi nilitoa kitabu changu cha safari cha mkimbizi. Dada wa mapokezi akakigeuza, akakifungua, akaita bosi wake, bosi akapiga simu. Nilisimama pale nusu saa. Wenzangu walikataa kupanda vyumbani mpaka nami nipewe ufunguo. Wote wanne tulikuwa na mabegi ya namna moja, vumbi moja, jasho moja.

Sasa vijana wenzangu, najua swali lenu, kwa sababu mmeniuliza kila siku tangu nirudi. Mbona ulirudi? Hata binamu yangu aliniambia kabla ya safari: ukifika, potea. Sitadanganya, nililala na wazo hilo usiku mmoja. Kesho yake, kwenye soko la nguo la Pratunam, nikasikia Kiswahili nyuma yangu. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, lafudhi ya Dar es Salaam, anafunga mizigo ya kusafirisha. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia kwa furaha, "Marahaba mwanangu, umefuata nini huku?" Tukaongea. Alipojua mimi ni nani, akaacha kufunga mizigo.

"Usijaribu kubaki," akasema. "Nchi hii haikusaini ule mkataba wa wakimbizi wa 1951. Visa ikiisha, wewe si mkimbizi tena, wewe ni mhalifu wa uhamiaji. Nimewaona. Wanajificha chumbani, wanaogopa hata kwenda kununua mkate. Wakikamatwa ni mahabusu." Halafu akanipa soksi jozi mbili na kusema, "Msalimie mama yako."

Kwa hiyo nilirudi, na sijutii. Ningepotea, kijana wa pili kutoka hapa angeandikiwa barua na nani?

Jioni ya mwisho tulimsindikiza yule Mkaren kwenye kituo cha mabasi cha Mo Chit. Alikuwa anaelekea mpakani kumwona bibi yake, ambaye alikataa kuondoka kambini. Begi lake lilijaa mafuta ya kuchua, sweta, na picha za vitukuu. Hakujua kama ataruhusiwa kuingia. Wiki moja baadaye aliniandikia kwamba aliruhusiwa saa chache tu. Bibi alimuuliza kama amekuja kukaa.

Ndugu zetu wa mashirika, mkipita njia zetu na mabegi mgongoni na wazee wakawaangalia sana, msidhani ni chuki. Wanawahesabia mzigo. Wanajiuliza kuna habari gani huko mlikotoka.

Kabla sijarudisha lile begi la watu, mama alisema lazima alifue kwanza. Alikagua mifuko yote, mmoja mmoja, akalianika. Lilipokauka akalivaa. Nikamwonyesha mkanda wa kiunoni unavyofungwa. Akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, akarudi, majirani wanacheka.

"Halilemei hili," akasema.

"Halina kitu ndani, mama."

Akalivua taratibu, akalikunja. "Hilo ndilo begi la kutembea nalo," akasema, akaingia ndani kupika.