Mkoba wa Mkono Mmoja

Mkoba laini unahitaji mikono miwili. Mmoja wa kushikilia mdomo ubaki wazi, mwingine wa kuingia ndani kutafuta funguo, simu, au ile noti ya soo iliyojikunja chini kabisa. Ukiwa na mikono yote miwili huwezi kuliona hili, kwa sababu mikono hufanya mambo yake bila kukuuliza. Mimi nililiona Mama alipopata kiharusi.

Mguu ulirudi pole pole. Maneno yalirudi yote, na mengine ya ziada. Lakini mkono wa kushoto ulibaki pale ubavuni kama mgeni asiyejua aketi wapi. Na huyu ni mwanamke aliyeshona sare za shule kwa cherehani kwa zaidi ya miaka 20. Sasa kwenye matatu ilibidi amwombe abiria wa pembeni, mtu asiyemjua kabisa, amfungulie mkoba na kumtolea nauli. Watu wengi walimsaidia vizuri tu. Kilichomuudhi ni kwamba kila siku kulikuwa na mtu mpya anayejua kilichomo mkobani mwake. Akaanza kukaa nyumbani. Kliniki ya mazoezi akawa anaikosa, na kila wiki sababu ni nyingine: mara mvua, mara kichwa kinauma.

Tulijaribu mikoba ya mtumba. Wa zipu unataka mkono mmoja ushike huku mwingine ukivuta. Wa kamba ya kukaza, mbaya zaidi. Tukapata mmoja mgumu, mzuri hata kwa macho, lakini kifungo chake lazima ubonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Mama aliutazama akacheka: "Huu uliundwa na mtu mwenye bahati."

Kumbe tulichokuwa tunatafuta ni kitu kama bakuli. Kinasimama chenyewe, kinabaki wazi hata asipokuwepo wa kukishika.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili najifunza kazi ya ngozi Kariokor. Unalijua hilo soko: viatu vya ngozi, mikanda, viondo, na moshi wa nyama choma unaokufuata hadi stejini. Jina lake limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilimweleza fundi wangu shida ya Mama. Hakusema mengi. Alichukua kipande cha ngozi nene, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, baadaye akakikandamiza juu ya kikombe cha chai kilichopinduliwa, akakifunga kwa mpira wa baiskeli. Kesho yake asubuhi alikitoa kikombe, na ngozi ikabaki kikombe. Nikaigonga kwa kidole, ikalia ko, ko, kama mbao.

"Ukitaka hata kofia, itakuwa kofia," akasema.

Lakini si ngozi yoyote tu. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Ni kazi ya haraka, inatoka laini na yenye rangi ya samawati, na viwanda vyetu vimekuwa vikiuza nyingi nje ya nchi ikiwa bado katika hatua hiyo. Ni ngozi nzuri kwa viatu na viti vya gari, ila umbo haishiki. Ilowe, ikunje, ikikauka inarudi ilivyokuwa. Inayoshika umbo ni ile iliyolazwa kwa wiki kadhaa katika maji ya magome ya miti. Huko kwetu mti wenyewe ni muwati, ule ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Asili yake ni Australia, uliletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na Eldoret palikuwa na mashamba makubwa yake na kiwanda cha kutoa tanini kwenye magome. Ukiwa umekulia Kiambu, huenda umepikiwa chakula kwa makaa yake bila kujua kwamba magome yale yanaweza kukutengenezea mkanda.

Kuzitofautisha, fundi alinionyesha njia mbili. Kata ukingo utazame katikati: kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu wenye usamawati, ya magome ni kahawia mwanzo hadi mwisho. Au dondosha tone la maji. Ya magome italinywa na kukolea rangi hapo hapo.

Nilipanga vitu vya Mama mezani: simu, kipochi cha sarafu, dawa za presha, leso, miwani. Nikapima. Halafu nikaenda kwa seremala anitengenezee kalibu, yaani lile umbo la mbao ambalo ngozi italaliwa juu yake. Sentimita 22 kwa 16, kimo sentimita 4. Kona zote tulizipiga msasa hadi zikawa mviringo, kwa sababu kona kali huifanya ngozi ijikunje, na mkunjo ukikauka umekwisha kuwa wa kudumu. Kisha fremu: ubao wenye tundu lililozidi kalibu kwa unene wa ngozi kila upande, milimita 2 na nusu hivi.

Ngozi niliiloweka hadi viputo vikaisha, nikaitoa, nikangoja. Hapa ndipo watu wengi wanakosa subira. Ikiwa imelowa sana, haishiki kitu. Ikikauka sana, inakataa kunyooka. Unangoja hadi rangi yake ya kwanza ianze kurudi juu lakini ukiiweka shavuni bado ni baridi. Basi unailaza juu ya kalibu, unashusha fremu, unakaza kwa vibano, na pale ngozi inapokunjika unaisugua kwa mfupa laini, pole pole, mpaka mikunjo imezwe. Kucha lazima ziwe fupi, maana kila mkwaruzo unabaki. Na chuma kisiiguse. Tanini ikikutana na chuma majini hutoa doa jeusi lisilofutika. Ni kemia ile ile iliyotengeneza wino wa zamani.

Halafu kukausha. Si juani, si karibu na jiko, kwa sababu joto la ghafla huifanya isinyae na kupasuka. Ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai unaijua. Kalibu ilikaa siku tatu juu ya kabati katika chumba chetu kimoja. Mama alikuwa anaamka usiku kuigusa.

"Bado?"

"Bado, Mama. Lala."

Siku ya nne nililegeza vibano. Kalibu ilitoka kwa shida, kama keki iliyong'ang'ania sufuria, na mbele yetu kulikuwa na bakuli la ngozi lenye ukingo bapa kuzunguka. Mama aliliweka mapajani, akaingiza mkono wa kulia, akautoa. Akaingiza tena. Halikufumba mdomo. Hakusema kitu kwa muda, na Mama si mtu wa kunyamaza.

Kilichobaki ni kushona. Nilikata upande wa juu uwe mlango, nikaandaa kipande cha nyuma ambacho kingepanda na kugeuka kifuniko kifupi chenye sumaku, kifungwe kwa kuachiliwa tu. Matundu nilitoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu. Mshono wa mkono wa ngozi hutumia uzi mmoja wenye nta na sindano mbili, moja kila ncha. Zinapishana ndani ya tundu moja, hii ikienda kulia, ile kushoto. Mshono wa mashine ukikatika mahali pamoja unaweza kufumuka. Huu ukikatika, uzi wa upande wa pili bado umeshika.

Mama alinitazama nikifanya matundu kama kumi. Akavuta stuli, akaketi mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Leta moja."

Tuliubana mkoba katikati ya magoti yangu kwa vipande viwili vya mbao. Mimi nikawa mkono wa kushoto, yeye wa kulia. Nachomeka, anapokea. Anachomeka, napokea. Halafu tunavuta kwa pamoja. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwa kawaida tunasema hivyo kumsuta mchoyo. Kwenye mshono huu ni sharti. Mmoja akilegea, uzi unalala upande.

"Vuta wewe! Kwani unaogopa nini?"

"Nimevuta, Mama."

"Hiyo umebembeleza."

Ilituchukua jioni tatu. Matundu yake yamekaza kuliko yangu. Ukiutazama mkoba kwa karibu utajua ni upande upi alioanza kuchoka, na ni upande wangu. Kingo nilizisugua kwa maji na kitambaa hadi zikang'aa, nikamalizia na nta ya nyuki. Mkanda tuliuweka upite bega la kulia, maana lile la kushoto halifai kubeba uzito, na mkoba ukae mbele, mahali mkono mzima unafika bila kuhangaika.

Alhamisi hiyo alienda kliniki. Nilimsindikiza lakini niliambiwa nikae kiti cha nyuma. Makanga alipofika, Mama aliinua kifuniko, akatoa sarafu moja moja, akampa. Mbao haikutosha; nauli ilikuwa imepanda. Alizozana naye kuanzia Donholm hadi tao. Sijawahi kufurahia ugomvi wa nauli kama siku ile.

Sasa kuna mwanamke kwenye kliniki hiyo, yeye mkono wa kulia ndio uliolala, na anataka mkoba kama ule. Nilipiga hesabu usiku: ngozi, sumaku, uzi, siku za kukausha, jioni za kushona. Ukizihesabu saa zote, bei inatoka ambayo mtu anayelipia dawa kila mwezi hawezi kuigusa. Ukiacha kuzihesabu, kodi ya nyumba nitalipa na nini? Nikamwambia Mama labda nimfanyie tu kwa bei ya ngozi, ni mgonjwa.

"Mimi pia ni mgonjwa," akasema. "Mtu akikuuzia kwa huruma, kila ukikibeba unaibeba na huruma yake. Mwambie bei. Alipe kidogo kidogo, hata mwaka."

Kisha akanyamaza, akihesabu kitu kwa vidole vya mkono wake mzuri.

"Na usisahau changu humo. Sindano moja ni yangu."