Mto Ulionilipia Karo

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Mara yako ya mwisho kuona jiwe lililolala chini ya maji ya mto ilikuwa lini? Sisemi maji ya bomba wala ya chupa. Nasema mto wenye maji maangavu hata unaweza kuhesabu changarawe zilizo chini yake. Wengi wetu tunaoishi Nairobi tukiulizwa swali hilo tutabaki kukuna vichwa. Na hali jina la jiji letu, lililotokana na lugha ya Kimaasai, maana yake ni maji baridi!

Shule zilipofungwa mnamo Agosti 2024, jirani zangu walifunganya virago wakaelekea Mombasa kuikimbia baridi. Mimi nilimchukua mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 9, nikampeleka kwenye baridi yenyewe. Tulipanda matatu hadi Nyeri, kwetu nilikozaliwa, chini ya milima ya Aberdare. Ikiwa hujawahi kufika huko kati ya Juni na Agosti, basi jua ya kwamba unaweza kukaa wiki nzima bila kuona kivuli chako. Manyunyu hayaishi, ukungu hushuka hadi mlangoni, na watu huzungumza wakiwa wamekumbatia vikombe vya uji.

Safari hiyo haikuwa wazo langu. Ilikuwa ahadi ya baba yangu, mzee wa miaka 71, kwa somo yake. Mwanangu huyu amerithi jina la babu yake, na kwa muda mrefu mzee alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba siku moja atamfunza kuvua trauti.

Huenda wewe umekutana na trauti kwenye orodha ya vyakula hotelini, ukatazama bei, kisha ukaagiza kuku. Samaki huyu si mwenyeji wetu. Waliletwa na walowezi kutoka Loch Leven huko Uskoti, na mwaka 1905 wakatiwa katika mto Gura kwa juhudi za Ewart Grogan. Kutoka hapo walienea katika mito mingi ya Aberdare na Mlima Kenya. Hadi leo serikali ina kituo kule Kiganjo ambako vifaranga vyake huanguliwa.

Mgeni huyu ana madaha yake. Hutaka maji baridi, yanayokimbia na yasiyo na tope. Maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya moto, na mara yanapopita nyuzi 20 za Selsiasi trauti huanza kutaabika. Mayai yake huyafukia kwenye changarawe safi, kwa hivyo udongo ukiporomoka kutoka mashambani na kuifunika changarawe hiyo, mayai hukosa hewa na kufa. Ndiyo maana mahali unapomwona trauti unaweza kukisia kwamba mto haujaugua.

Baba aliyajua haya yote bila kuingia darasani. Alipokuwa kijana alifanya kibarua cha kuwabebea wavuvi mizigo, naye akajifunza kwa kutazama. Siku ya safari alituamsha alfajiri. Tulivaa sweta mbilimbili na gambuti, tukalipia vibali vyetu vya kuvua, tukashuka hadi Gura. Mto ule huusikii kwa masikio tu, bali hata kwa nyayo. Hunguruma ukipita juu ya mawe kama lori lililopakia kokoto.

Trauti wa huko havuliwi kwa nyungunyungu. Baba alitoa kikopo chenye vijidudu bandia alivyovifunga mwenyewe kwa manyoya ya jogoo na uzi wa cherehani. Alimwonyesha mjukuu wake jinsi ya kuurusha mshipi ili kijidudu kitue juu ya maji polepole, kama mdudu wa kweli aliyechoka kuruka. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Vidole vyangu vikafa ganzi. Mtoto akaanza kuyapiga maji kwa ufito kwa hasira.

"Taratibu, somo yangu," Baba akamwambia. "Samaki hapigiwi honi."

Ilikaribia saa tano mshipi ulipokazika. Aliyetoka majini alikuwa samaki mdogo, hakuzidi kiganja na nusu, mwenye madoa mekundu na meusi ubavuni kana kwamba amepakwa rangi kwa ncha ya njiti. Baba alilowesha mikono kwanza ili asimchubue, akamtoa ndoana, akamrudisha majini.

"Babu! Si tungemla?" mtoto akalalamika.

"Huyu bado anasoma. Mwache amalize."

Tulicheka sote. Kisha mwanangu akauliza lile swali ambalo mimi, kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kuthubutu kuliuliza: "Babu, mbona ule mto wa nyumbani hauna samaki?"

Baba hakujibu. Alijifanya anakunja mshipi.

Msomaji, ili uelewe kimya kile, sharti nikurudishe nyuma. Chini ya shamba letu hupita kijito kinachoelekea Gura. Nilipokuwa darasa la kwanza, maji yake yalinifika magotini. Baba alikuwa akinipeleka huko Jumapili jioni na ufito wa mwanzi, na mara mojamoja tulipata trauti aliyepanda kutoka mto mkubwa. Mamangu alimkaanga kwenye kikaango cheusi, na nyumba ikanukia hadi barabarani.

Halafu bei ya kahawa ikaporomoka. Wazee wengi wa mkoa wetu waliyaona malipo yao yakiyeyuka, nao wakatafuta zao jingine. Mwaka 1998 Baba alipanda mikaratusi bondeni, kuanzia ukingo wa kijito kwenda juu. Kila mtu alimsifu. Mikaratusi haina adabu ya kungoja, kwani hukua upesi, na soko lake halikosekani. Mwaka 2009 mnunuzi wa nguzo za umeme alifika na lori. Fedha alizolipa ndizo zilizonipeleka chuo cha uandishi wa habari hadi nikapata diploma yangu.

Lakini kufikia mwaka huo kijito kilikuwa kimebaki madimbwi. Mkaratusi ni mnywaji mkubwa, na ukipandwa kwenye chepechepe hunywa mchana na usiku bila kulewa. Sisemi Baba peke yake ndiye aliyeua mto. Jirani wa juu naye alipanda, wengine walilima hadi ukingoni na udongo ukateremka, wengine wakatia pampu. Walakini sehemu yetu tuliifanya sisi. Kila ninapoandika makala na jina langu likatokea juu yake, kuna tone la mto ule ndani yake.

Jioni hiyo, tukiota moto jikoni, Baba alinigeukia. Mimi nina jina la mama yake mzazi, ndiyo sababu huniita Mama.

"Mama," akasema, "ningeulizwa nichague kati ya samaki na karo yako, ningechagua karo. Hata leo. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilidhani nitakuwa na vyote viwili."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimkumbuka marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko huko Nyeri, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Katika kumbukumbu zake alisimulia juu ya mkuyu uliokuwa karibu na kwao, ambao mama yake alimkataza asiokote hata kuni zake. Aliporudi kutoka masomoni ng'ambo alikuta mkuyu umekatwa, na kijito kilichobubujika karibu nao kimekauka. Wazee wetu hawakuwa na mizani ya kupimia maji. Walikuwa na mwiko, na mwiko ulifanya kazi.

Sasa sikiliza jambo lililotukabili. Mkaratusi ukikatwa kisiki huchipua tena, na kufikia mwaka 2024 miti ile ilikuwa imekomaa kwa mara ya pili. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupiga simu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na miti hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake. Tukikata na kuacha visiki vichipue, karo ya leo itapatikana na nguzo za kesho zitakua. Tukikata na kung'oa visiki, benki itafungwa.

Tulikaa kikao cha jamaa sebuleni. Kaka yangu, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, alisema maneno yaliyokuwa na uzito. "Jirani wa juu hajang'oa hata mti mmoja. Sisi tung'oe, tupate hasara, ili yeye azidi kunywesha mikaratusi yake?" Nani angeweza kumlaumu? Nilieleza kwamba kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa mita 6 hadi 30 usiolimwa kando ya mto. Akaniuliza ni nani aliyewahi kuja kupima. Nikanyamaza.

Aliyevunja ukimya ni mamangu, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni.

"Nyinyi mnahesabu miti," akasema. "Mimi nahesabu mitungi. Kijito kilipokauka, ni nani kati yenu aliyeteka maji?"

Hapo hata kaka aliinamisha kichwa. Tulikubaliana safu tatu zilizo karibu na kijito zikatwe na visiki ving'olewe. Zile za juu mlimani, mbali na maji, zibaki. Mwezi wa Januari 2025 miti iliuzwa. Fedha za safu hizo zilitosha karo ya mwaka mmoja. Mwaka uliobaki niliubeba mimi, na ile ploti niliyokuwa nikiwekea akiba ikaahirishwa. Nakuambia haya si kwa kujisifu, bali ili usije ukadhani mito hurudishwa kwa maneno matamu. Kuna mtu hulipa.

Kung'oa visiki kulichukua wiki tatu za shoka, sululu na migongo iliyouma. Mvua za masika zilipoanza tulipanda mianzi, miche ya mikuyu, na nyasi za nepia za kuzuia udongo na kulisha ng'ombe wa mamangu.

Je, mto ulirudi? Sitaki kukudanganya. Nilipokwenda na mwanangu Agosti 2025, baridi ikiwa ile ile, tulikuta maji yanatiririka, membamba, yakinifika kifundoni. Huenda ni miti iliyoondoka, na huenda ni mvua tu. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu kujipigia makofi. Mtoto aliingia majini, akapindua jiwe kama babu yake alivyomfunza, kisha akapiga ukelele. Chini ya jiwe walikuwa wameng'ang'ania vijidudu vidogo vyenye mikia, wale ambao hukua wakawa wadudu warukao, na ambao ndio chakula cha trauti.

"Chakula kipo," akasema. "Bado mlaji."

Baba alisimama ukingoni na fimbo yake, akitazama bila kusema neno. Jirani wa juu bado ana mikaratusi yake. Alipoulizwa alisema ataona. Hata hivyo, mkewe alikuja kuomba vipande vya nepia, na mamangu akamfungia mzigo mzima.

Pengine utasema, mimi ni mtu wa jiji, sina shamba wala kijito. Ala! Maji unayooshea sufuria yametoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi huja kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, nayo hujazwa na mito ya milima hiyo hiyo ya Aberdare. Na ule mto unaopita chini ya daraja unalovuka kila asubuhi huku umeziba pua hauishii hapo. Huingia Athi, na Athi hushuka hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Mwaka 2008 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipoanza kuusafisha, wengi walicheka. Leo kuna bustani yenye jina lake kando ya mto huo katikati ya jiji. Maji yake hayajafaa kunywewa, la hasha, lakini watu hukaa pale kivulini mahali palipokuwa jaa. Kazi ile haijaisha, wala haitaisha kwa kizazi kimoja.

Kwa hivyo likizo ijayo, kama una jamaa mashambani, wapeleke watoto mtoni. Wapindue jiwe. Waulize wazee mto huo ulikuwaje, na usiogope kimya kitakachofuata swali. Katika kimya hicho ndipo mimi nilipojua deni langu.

Ule ufito wa mwanzi niliouvulia utotoni ungali umening'inia chini ya paa la ghala. Mwanangu aliuomba. Baba alikataa kumpa.

"Subiri kwanza samaki aje," akamwambia. "Ufito hauozi upesi."